Mikate ya Kuvua Nguo Nyeusi

Niliondoka Kamina kwa sababu tanuri langu lilikuwa baridi na mke wangu alikuwa ametimiza mwaka mmoja kaburini. Wengine wataona hayo ni mambo mawili. Kwangu yalikuwa jambo moja, na nitalieleza kwanza ili mtu asinipotee katikati ya safari.

Katika ukoo wangu na ukoo wa mke wangu, mwanaume aliyefiwa na mke hajivui nguo nyeusi mwenyewe. Watu wa mke ndio wanaokuja kumvua. Wanafika nyumbani kwake, wanakaa, wanakula chakula alichokitengeneza kwa kazi ya mikono yake. Chakula cha kununua hawakitaki, wala cha kupikiwa na dada zake. Mvuvi atawapa samaki aliowavua, mkulima atawapa mihogo aliyoichimba. Wakiridhika, wanakata kitambaa cheusi kilichofungwa mkononi mwake, na nyumba inafunguka. Kabla ya hapo nyumba imefungwa: hakuna ngoma, hakuna harusi, hakuna binti anayetoka kwenda kwa mume.

Mimi ni mtu wa mikate. Nilisoma miaka miwili tu kwa mapadri, halafu nikaenda kuchoma matofali ya watu, halafu nikachoma ya kwangu, halafu nikajenga tanuri. Hakuna aliyenifundisha. Ngoie, mke wangu, alikanyaga udongo wa kichuguu pamoja nami akiwa na mimba ya binti yetu Kabulo, na tanuri lile likalisha mtaa mzima kabla watu hawajaenda kazini. Basi cha kuwapa wakwe kilikuwa kimoja tu, na kila mtu alikijua.

Lakini miaka ile ya Zaire unga wa ngano ulikuja siku ulipotaka, na mwaka ule haukutaka kabisa. Miezi mitatu sikuwasha moto. Na Kabulo alikuwa amechumbiwa na mwalimu, kijana mpole, aliyepangiwa kwenda kufundisha Manono shule zitakapofunguliwa. Kitambaa kisipokatwa kabla ya hapo, mwalimu ataondoka peke yake. Manono si karibu. Kijana akiishi peke yake mahali pa mbali, mtu mwingine atamwonea huruma na kumpikia. Kabulo hakuniambia neno. Kila asubuhi alifagia mbele ya tanuri, tanuri lisilotoa jivu.

Siku ya kuondoa matanga haiombwi kwa barua. Mwanaume anakwenda mwenyewe kwa wakwe. Wa kwangu wako Kinkondja, kwenye ziwa la Kisale. Nikafunga mzigo.

Siku moja kabla ya treni nilipanda baiskeli mpaka Baze, ile kambi kubwa ya wanajeshi nje ya mji. Nilijua familia za wanajeshi zimetoka pande zote za nchi, na huwa wana njia zao za kupata vitu. Nilikwenda kwa Mama Bolumbu, mke wa sajini mmoja, watu wa Mbandaka. Alikuwa mteja wangu wa zamani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya uwanja.

"Papa wa mikate!" aliniita hata kabla sijashuka. "Unatafuta farini, unga ya ngano? Hata minyi mwenyewe natafuta. Farini hapana. Lakini mikate iko. Ikala chini, nikupe mikate."

Nilitazama huku na huku. Sikuona tanuri wala kusikia harufu yake. Niliona sufuria ya mafuta ya mawese ikichemka, na beseni la kitu kizito. Alichota kwa mkono, akafinya ngumi, na kitu kile kikachomoza katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada, duara kabisa, kikaanguka kwenye mafuta. Kikageuka chenyewe kama kinachoogelea. Akatoa vitano, akaviweka mbele yangu kwenye sahani.

"Mama, hii njo mikate?"

"Sasa nini? Kwetu kule mikate njo hii. Ile yako ya tanuri tunaita mampa."

"Ya kwangu iko na jina yake tangu zamani," nilimwambia. "Hii iko mayai ya kuku ya kukaanga."

Wanawake wa nyumba za jirani walicheka. Mama Bolumbu hakukasirika hata kidogo. "Kula kwanza, Papa. Utatukana nyuma."

Nilikula vitano. Nikala vingine vinne. Vilikuwa vikavu nje na laini ndani, na utamu wake haukuwa wa sukari. Nilimuuliza amepata wapi unga wa kufanya vile, akaniambia hana unga wa ngano hata punje. Ni unga wa mahindi na wa muhogo, na ndizi zilizoiva mpaka ganda limekuwa jeusi. Ndizi ndiyo inayoshika.

"Shika mukono," aliniambia, akanitilia donge kiganjani. "Finya. Hapana vile, unafinya kama unakaba mwizi. Pole pole."

Langu lilitoka na mkia. Wakacheka tena. Nilisema nina safari, nikasimama. Alinifungia vingine katika karatasi kwa ajili ya njia, na mimi nikapanda baiskeli bila kushukuru vizuri, kwa sababu nilikuwa nimekuja kutafuta unga na nilikuwa nimechekwa. Hilo nalisahihisha hapa. Mama Bolumbu, aksanti. Vile vya karatasi vilinifikisha Luena.

Asubuhi ya safari nilikuwa stesheni ya Kamina kabla ya jua. Nilimuuliza karani kuhusu treni.

"Citoyen, treni iko njiani," alisema, akiniita raia kama sheria ya siku zile ilivyotaka.

"Njiani wapi?"

"Njiani."

Ilifika kesho yake. Sitalalamika, kuna watu walikuwa wamelala pale siku tatu na hawakulalamika. Nilipata nafasi ya kukaa juu ya mzigo wangu, mgongo kwa mgongo na mama mmoja mwenye kuku. Nilikuwa na mpango. Watu walisema kantini ya wafanyakazi wa reli kule Luena imepokea magunia ya ngano. Kwa hiyo sikushuka Bukama, ambako ndiko njia ya ziwa inakoanzia. Nilivuka Lualaba juu ya daraja, nikayaona maji yatakayonipeleka kwa wakwe, nikayapita.

Luena nilifika mchana, vumbi jeusi la makaa ya mawe bado liko kila mahali ingawa mashimo ya zamani mengi yamenyamaza. Nilikwenda moja kwa moja kantini. Kulikuwa na sabuni, viberiti na chumvi. Muuzaji alinitazama kwa huruma. "Ngano? Nani aliyekuambia?" Ukweli, hata mimi sikumjua aliyeniambia. Neno lilikuwa limesafiri kwa treni kama mimi, bila tiketi.

Nilikaa chini mbele ya kantini. Niliona kitambaa kile mkononi mwangu, nikahesabu wiki zilizobaki kabla ya shule. Zilikuwa chache.

Tata Kazadi, yaani Baba Kazadi, ndiye aliyeniokota pale. Ni mtu wa Kasai, tulichoma matofali pamoja ujana wetu, kisha yeye akaingia mgodini mimi nikabaki na udongo. Alinipeleka kwake. Mke wake, Mama Mbombo, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, alinipa maji ya kunawa, akasema, "Muntu ya mikate anakuya kwangu na njaa? Basi leo atakula mukate."

Nikadhani wana ngano wameficha.

Alileta sufuria ya chuma yenye kifuniko, makaa ya mawe yanawaka chini yake na mengine juu ya kifuniko. Alipofunua, ndani kulikuwa na kitu cha manjano, cheusi pembeni, kimekaa kimya. Hakikuumuka hata upana wa kidole. Nilikiinua kwa mikono miwili.

"Kazadi," nikasema, "zamani tofali kama hili tungelihesabu mara mbili."

"Ndugu, kata. Usihubiri."

Nilikata. Nikasema huku natafuna kwamba kwetu Kamina hiki hakiitwi mkate. Mama Mbombo aliweka mikono kiunoni.

"Weye unafikiri mukate iko hewa? Ya kwako muntu anakula, anakula, nyuma tumbo inauliza: leo tulikula? Hii yangu muntu ya mugodi alikuwa anashuka nayo chini asubuhi, mpaka mangaribi iko naye. Hapana kumuacha. Kama bibi muzuri."

"Njo maana nilimuoa," Kazadi akasema. "Na yeye iko mugumu vile vile."

Hapo ndipo Mama Mbombo alipocheka, mara moja tu, kwa pua.

Mkate ule ulikuwa na uchachu kidogo, kwa kuwa unga wa mahindi hukaa siku mbili ndani ya maji kabla ya moto. Ulinishibisha mpaka kesho yake. Mimi ni mtu wa kazi, nikiona kitu kimeshikana bila ngano nataka kujua kimeshikwaje. Nilimuuliza. Aliniambia waziwazi, hakuficha: nusu ya unga unaipika kwanza kama uji mzito, unaiacha ipoe, ndipo unaichanganya na nusu ile mbichi. Iliyopikwa inaishika mbichi kama mama anavyoshika mtoto. Miaka yote ya tanuri langu sikuwahi kusikia jambo hilo. Nilijifanya nalijua.

Siku iliyofuata Kazadi alinisindikiza mpaka treni ya mizigo inayorudi Bukama, akaongea na watu wake, wakanipandisha. Alinifungia nusu ya tofali lile. Nilimwambia kwamba sasa nakwenda kwa wakwe mikono mitupu. Akaniambia, "Enda hivyo hivyo. Mikono mitupu iko mikono." Kazadi hajawahi kuwa mtu wa maneno mengi, lakini hayo niliyabeba.

Bukama nilingoja mashua ya injini siku moja. Ilikuwa imejaa magunia ya chumvi wakati wa kwenda, na ingejaa samaki wakavu wakati wa kurudi. Tulishuka na Lualaba siku mbili. Baada ya muda kingo zinapotea, yanabaki mafunjo marefu kushoto na kulia, na njia ya maji inapita katikati kama kichochoro cha mtaa. Kuna vipande vya mafunjo vinavyoelea, vinahama usiku, na nahodha anapaswa kutafuta njia upya. Wavuvi katika mitumbwi walitupungia. Nilikula tofali la Mama Mbombo kidogo kidogo. Lilinifikisha, kama alivyosema. Halikuniacha.

Kinkondja tulifika asubuhi, samaki wamepangwa juu ya vichanja vya kukaushia, moshi umelala juu ya paa. Mama Numbi, dada mkubwa wa Ngoie, alinipokea mwaloni. Kwetu shemeji wa namna hiyo ana ruhusa ya kukutania mpaka utoe machozi, na Numbi huitumia ruhusa hiyo yote.

"Kumbe iko hai! Tulifikiri ile tanuri ilikula na mwenyewe." Kisha akaona kitambaa changu, akakishika. Alinishika mkono mpaka nyumbani.

Ndani ya ua kulikuwa na mkeka umesimamishwa kwa miti. Nyuma ya mkeka alikaa mama mkwe wangu. Sisi tunamwita mama-buko. Mwanaume hamtazami mama-buko usoni, hali mbele yake, hasemi naye ana kwa ana. Tangu siku nilipomwoa Ngoie sikuwa nimemwona zaidi ya mgongo ukiondoka. Hata kwenye msiba alikaa chumba kingine. Maneno yanapita kwa mtu wa tatu, ingawa kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri.

Nilikaa chini, nikapiga makofi ya heshima, nikaeleza. Nikasema siku ninayoiomba ni kabla ya shule kufunguliwa. Nikasema habari ya Kabulo. Halafu nikasema neno lililonipeleka: ngano hapana, tanuri iko baridi, sina cha kuwapa. Kama wataona vema, wanivue kwa huruma tu.

Sauti ya kikongwe ikatoka nyuma ya mkeka, kavu kabisa.

"Umuulize: mikono yake ilikatika?"

"Mama anauliza kama mikono yako ilikatika," Numbi akaniambia, kama sikusikia.

"Mwambie mikono iko."

"Mama, mikono iko."

"Basi afanye mukate. Ngano tuliiona juzi. Mukate hapa iko tangu bankambo, wazee ya zamani. Kesho afanye, minyi nile. Kama inalika, nitampa siku. Kama hapana, arudi mwaka kesho. Huruma hapana kula."

Nilifurahi na kuogopa pamoja. Numbi alinieleza mkate wa kwao ni nini: unga wa muhogo, ndizi mbivu zilizopondwa, karanga za kukaanga zilizotwangwa, chumvi kidogo, vyote vinafungwa ndani ya jani la mgomba lililopitishwa motoni, halafu vinapikwa kwa mvuke juu ya vijiti ndani ya chungu. Alitaka kunionyesha.

"Shemeji," nikamwambia, "minyi nafundishwa mukate?"

Alinitazama. "Sawa, mwalimu. Jiko iko pale."

Asubuhi yake nilifanya kazi mwenyewe. Sasa sikilizeni kosa langu, ni kosa ambalo asiyechoma mikate hawezi kulifanya. Mkono wangu umezoea kitu kinachoumuka. Donge likilala tu, mkono wangu unaona limekufa. Nikaomba pombe mbichi ya mchikichi, ile inayochemka yenyewe, nikaitia ndani. Nikalikanda kwa nguvu kama ngano. Nikaliweka juani. Likavimba, nami nikavimba pamoja nalo. Nikajaza majani mpaka pomoni, nikayafunga kamba imara kama ninavyojaza vyombo vya tanuri, nikapanga chunguni, nikafunika.

Baada ya muda chungu kilianza kusema. Pu. Pu. Pu. Majani yalipasuka moja baada ya jingine. Nilipofunua, mkate haukuwepo. Kulikuwa na uji wa kijivu wenye vipande vya majani, na ndizi inaelea.

Numbi alikuja, akachungulia. Alikaa chini kabisa ili acheke vizuri.

"Kuyeni muone! Shemeji alioka supu!"

"Supu?" jirani akauliza. "Iko na samaki?"

"Hapana samaki. Iko na aibu tu."

Na nyuma ya mkeka: "Umuulize, ilikufa maji ao iko na uhai?"

Wao walicheka bila ubaya, lakini mimi nilikuwa namwona Kabulo na ufagio wake. Nilikuwa nimebebwa na treni, na mashua, na mikono ya watu, nikafika mpaka mahali pale, nikaharibu kwa kiburi. Mimi ninayejisifu kwamba hakuna aliyenifundisha. Nilitoa kofia, nikaiweka chini, nikamwambia Numbi, "Dada. Nifundishe."

Aliacha kucheka papo hapo. "Jua ingali juu," akasema. "Nawa mikono."

Nilikaa juu ya kigoda kidogo cha wanawake, magoti karibu na masikio, nikafanya kila alichosema. Usikande. Koroga tu. Usingoje kitu kivimbe, hakina haraka ya kwenda juu. Usijaze jani, liachie nafasi ya kupumua, kunja, usinyonge. Lakini ndizi zilizobaki zilikuwa mbivu mno, donge likawa linateleza, halikai ndani ya jani. Numbi alikunja uso. Unga mkavu ulikuwa umekwisha kwa upumbavu wangu wa asubuhi, kimebaki kibaba kimoja.

Hapo nikamkumbuka Mama Mbombo. Nikachukua nusu ya kile kibaba, nikakipika uji mzito, nikaupoza kwa kuupepea, nikauchanganya ndani. Donge likashika.

"Nani alikuonyesha ile?" Numbi akauliza.

"Bibi moja ya Luena. Mukate yake iko tofali."

"Iko tofali, lakini iko na akili."

Alasiri Numbi alipeleka jani moja nyuma ya mkeka. Katika ukoo ule, jani likirudi wazi, maana yake aliyekula amekula kwa sababu ya njaa tu. Likirudi limekunjwa, amekula kwa moyo. Nilikaa nikitazama mikono yangu. Nilisikia jani linafunuliwa. Nilisikia kikongwe anatafuna taratibu, kwa meno machache. Alichukua muda mrefu kuliko treni ya Kamina.

Numbi alirudi na jani. Lilikuwa limekunjwa mara mbili.

"Mama anasema inalika," akasema, na sasa sauti yake haikuwa ya utani. "Anasema mwezi ukiandama, wiki moja nyuma yake, tutakuya. Na anasema umwambie Mama ya Luena: mukate ya kwetu ilikuwa muzuri hata kabla ya uji yake."

Kurudi ni safari ile ile kinyumenyume, sitawachosha. Nilipanda maji siku tatu na nusu kwa sababu mto unasukuma, nimekalia samaki badala ya chumvi. Watu wa Kinkondja walinipa mfuko wa unga wa muhogo na rundo la majani yaliyokwisha kupita motoni, yamekunjwa kama nguo. Sikuomba. Kutoka Bukama nilituma salamu kwa Mama Mbombo kwa mtu wa reli, nikazirudia mara mbili ili asizipunguze njiani.

Kamina nilipofika, Kabulo alikuwa anafagia. Nilimwambia, "Leta kuni." Alitupa ufagio.

Siku yenyewe nilifanya kila kitu kwa mikono yangu, kama desturi inavyotaka. Nilikaanga vile vya duara vya Mbandaka. Vitatu vya kwanza vilitoka na mikia, nikavila mwenyewe ili visionekane. Niliweka tofali la Luena katika sufuria yenye makaa juu na chini. Nilipika vya majani. Na ndani ya tanuri langu nilitia mkate wa kwangu, wa mahindi na muhogo, nusu imepikwa nusu mbichi. Haukupanda sana. Ulikaa chini kama mtu aliyejifunza adabu. Lakini ulitoka wa rangi nzuri, na harufu ya tanuri ikapita mtaani kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, watu wakatoka milangoni wakiita, "Ngoie anachoma!" Walizoea kusema hivyo zamani. Hakuna aliyewakemea.

Mama Bolumbu alikuwa amealikwa. Alishika kipande cha mkate wangu mpya, bapa, akakigeuza mbele ya watu wote.

"Papa, hii njo mukate?"

"Kula kwanza, Mama," nikamwambia. "Utatukana nyuma."

Wakwe walikula vyote. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema, huyu anasema hiki ndicho mkate, yule anasema hapana, ni kile, na Numbi akawaambia wafunge midomo ili waweze kutafuna. Mkeka ulikuwa umesimamishwa uani, mama-buko nyuma yake. Nilimpelekea, kwa mkono wa Numbi, jani moja la kwao na kipande cha mkate wa tanuri ndani yake.

Jani lilirudi. Nilipolipokea lilikuwa zito. Nikalifunua. Ndani kulikuwa na nusu ya kile kipande, kimeng'atwa.

Mwanaume hali mbele ya mama-buko, sasa vipi kula kilichotoka kinywani mwake? Nilimtazama Numbi. Numbi alikuwa analia.

"Anasema," akaniambia, "mwenye kuzaliwa kwake njo anakula masazo yake. Anasema mutoto yake alikufa, hataki kupoteza na wa pili. Kula."

Nilikula. Wakauondoa mkeka. Kikongwe alisimama kwa fimbo, akaja mpaka nilipokaa, akashika mkasi mwenyewe, akakata kitambaa. Ndipo nikainua macho, kwa ruhusa, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Alikuwa na uso wa Ngoie. Paji lile lile, na ule mdomo unaokataa kucheka. Nilikuwa nimedhani uso ule umekwenda udongoni, kumbe wakati wote ulikuwa nyuma ya mkeka.

Kabulo aliolewa siku chache baadaye na kwenda Manono na mwalimu wake. Ngano ilirudi, ikaondoka tena, ikarudi. Sikuingoja tena kwa hofu.

Niliondoka hapa nikiamini kwamba mkate ni jina langu mimi, na wengine wameliiba wakalivisha vitu vyao. Nilirudi nikijua kwamba kila mwanamke aliyeniwekea sahani mbele alikuwa ananipa kile alichopewa na mama yake, kwa jina alilofundishwa na mama yake, na mimi nilichotakiwa kufanya ni kunawa mikono na kula. Sasa sisemi tena kwamba hakuna aliyenifundisha. Mama Bolumbu alinifundisha. Mama Mbombo alinifundisha. Numbi alinifundisha nikiwa juu ya kigoda, watu wanacheka, na ilikuwa haki yao.

Siku hizi mtu akija dirishani asubuhi akasema, "Tata, nipe mukate," simpi mara moja. Namuuliza kwanza, "Ya kwa nani?" Halafu nageuka kutazama nilichonacho.